Kuhusu Unga Wenu Ulioangukia Tanuri Letu

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje,

Salamu sana. Mimi ni Itidal, mjane, mkazi wa mahema ya Deir al-Balah, Gaza. Kabla ya yote nashukuru kwa unga mliotudondoshea Jumanne kwa ndege. Umefika. Malalamiko yangu yanahusu mahali ulipofikia.

1. Ulifikia juu ya tanuri letu. Mama mkwe wangu, Hajat Nazmiya, alilifinyanga kwa udongo na mikono yake, na safu nzima ya mahema ilikuwa ikioka mikate hapo. Juzi tulikuwa na tanuri bila unga. Leo tuna unga bila tanuri. Hajat alisimama mbele ya vigae akaniuliza, "Itidal, hawa watu tumewakosea nini?"

Nikamwambia, "Mama, hawa ni marafiki."

"Basi Mungu atuepushe na mapenzi yao."

Namwombea radhi. Ana njaa.

2. Jirani yetu Abu Ghassan amelichukua parachuti akashona hema. Ni zuri, sikatai, ila sasa anatembea kama mtu aliyemwoza binti yake kwa balozi. Sisi anatuita "nyie wa maturubai".

3. Ndege yenu ilipita juu ya malori yenu wenyewe, yamejaa unga, yamezuiliwa mpakani. Kutoka pale mpaka kwangu, hata punda mvivu angefika kabla ya adhuhuri. Naomba kujua kama rubani aliyapungia mkono.

4. Redio inasema una wasiwasi kuhusu hali yetu. Ulianza na wasiwasi, ukaja wasiwasi mkubwa, sasa ni mkubwa mno. Tunahofia afya yako. Je, usingizi unapata?

5. Binti yangu Ruba anajifunza lugha yenu kwa kusoma maandishi ya gunia la unga, na ya kipande cha bomu lililomuua baba yake. Amegundua ni lugha moja. Akaniuliza, "Mama, hawa wanafahamiana?" Nikamwambia nitakuuliza. Wewe uko karibu nao, tafadhali tuulizie.

Kwa hiyo naomba yafuatayo: wasiwasi ndio uletwe kwa ndege, maana hata ukimwangukia mtu haumuumizi. Unga uje kwa barabara. Na bomu lisije kwa njia yoyote.

Wasalimie wote ofisini, hasa yule anayekuandikia matamko; mwambie apumzike kidogo. Hajat naye anakusalimu, japo si kwa maneno ninayoweza kuyaandika.

Wako katika subira,
Itidal, mama yake Ruba

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, redio imetangaza kwamba huenda mkasitisha ndege kwa sababu watu wanalalamika. Safu nzima imechachamaa. Abu Ghassan anasema aliyelalamika apatikane, apigwe viatu hadharani. Nimeapa mbele yao kwamba simjui. Tafadhali, Mheshimiwa, ichane barua. Tupeni unga, hata juu ya hema langu. Tukisikia ndege, tutatoka nje.