Papa Mkia Mrefu na Ukuta wa Sebule Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo shemeji amenichokoza mbele ya chama chetu kizima cha wavuvi wa burudani. Eti tangu nijiunge sijawahi kutoa kitu majini zaidi ya kofia yangu mwenyewe. Watu wakacheka, mwenyekiti akashika mbavu. Damu ikanichemka. Nikamwekea dau papo hapo: Jumapili ni mashindano ya papa mkia mrefu, na atakayeshindwa atatundika picha ya mwenzake sebuleni kwake, juu ya televisheni, mwaka mzima. Akakubali haraka mno. Sikuupenda uharaka ule.

Baadaye katibu alisoma kanuni za kuwalinda watoto wa papa. Sikusikiliza, nilikuwa nachagua picha yangu. Katibu mwenyewe ni mke wangu, kanuni nitazisikia tu nyumbani. Shemeji ni kaka yake. Nilipomuuliza yuko upande gani alicheka, na kicheko chenyewe sikukielewa.

Jumanne, 4 Machi

Ujasusi! Nimepita duka la vifaa vya uvuvi nikajifanya natafuta ndoano. Muuzaji yule mdomo wake hauna breki. Kanidokeza kwamba shemeji hutumia vyambo bandia vya zambarau, na kwamba amevibeba vyote vilivyokuwepo. Mchoyo!

Lakini mimi si mtu wa kukwama. Nimekumbuka chupa ya rangi ya kucha ya mke wangu, zambarau tupu. Nimepaka vyambo vyangu vyote. Vimependeza kuliko vya dukani. Jioni mke wangu kauliza kama nimeiona rangi yake. Nikasema sijui lolote, nikasahau kuficha vidole. Akavitazama. Akasema imenikaa vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi. Nimemdanganya bosi kwamba jicho linaniuma. Sisi ni duka la miwani, angebishaje?

Boti ni ya kukodi. Nahodha wake ni mama mmoja wa maneno machache, na hayo machache yote ni ya kunikera. Tumezunguka weee, mara chambo kikapigwa! Papa huyu hupiga samaki kwa mkia kwanza awazimishe, ndipo ale, kwa hiyo ndoano ikamnasa mkiani. Nikamvuta kinyumenyume huku napiga mayowe ya furaha. Nahodha akasema papa akivutwa hivyo hapumui, nifanye haraka. Alipofika ubavuni mwa boti nikaona mnyama mrefu kunishinda mimi. Nililia. Sioni aibu kuandika.

Nahodha akatoa utepe, akapima kuanzia pua mpaka mkia unapoanzia, basi. Nikauliza, na mkia je? Akasema mkia hauhesabiwi, nusu ya mnyama huyu ni mkia, na huyu ni mtoto, arudishwe. Nikamwambia mkia nao ni wake, hakuuazima kwa mtu. Akakunja utepe wake.

Akanishikisha yule papa majini, kichwa mbele, boti ikienda polepole ili maji yampite kwenye matamvua apate pumzi. Jicho lake kubwa likawa linanitazama tu. Nilimwonea huruma, nasema kweli. Nikamnong'oneza apone, akue, arudi Jumapili. Akapata nguvu. Akanichapa usoni kwa ule mkia usiohesabiwa, akaenda zake.

Ijumaa, 7 Machi

Jicho limevimba, halifunguki. Bosi kasema kumbe kweli nilikuwa naumwa, kanipa pole na miwani ya jua. Wateja nimewaambia papa alikuwa wa kutisha, nikaponea chupuchupu. Mmoja kaondoka bila kununua. Kasema anataka kuhudumiwa na mtu anayeona.

Halafu wazo! Nimewaendea wanakamati mmoja mmoja. Nimewalilia hali: papa huyu huzaa watoto wachache tu, tukiwamaliza tutavua nini? Nikapendekeza kila papa atakayerudishwa majini akiwa hai ahesabiwe pointi za urefu wake mara mbili. Wamenisifu sana. Mwenyekiti kasema hakujua nina moyo wa namna hii. Nilitegemea wa jana naye ataingia kwenye hesabu, lakini mke wangu akaandika kanuni inaanza Jumapili. Haidhuru. Nimeongeza sharti: lazima iletwe picha, na papa aonekane mzima. Hapo nimemlenga shemeji, mwongo yule.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi shemeji karudisha mtoto wa papa, mdogo hata wa kumwonea aibu. Nimecheka mpaka jicho likauma upya.

Alasiri zambarau yangu ikapigwa. Huyu hakuwa mtoto! Nahodha akapima bila mkia, akanyanyua nyusi. Kwake yeye hiyo ni sherehe. Hata ningempeleka nchi kavu ningeshinda, lakini kwa nini nishinde kidogo? Nikaamua arudishwe. Picha haraka, mnyama amechoka! Nikavua miwani, nikainama, nikatabasamu. Nahodha akaniambia nisogee. Nikamwambia apige. Akaniambia tena nisogee. Nikamwambia boti nimekodi mimi. Akapiga. Papa akaondoka salama, nami nikaimba njia nzima.

Chamani mke wangu akaifungua picha kwenye skrini kubwa. Uso wangu. Uso wangu mtupu, jicho moja limefumba. Nyuma ya sikio kuna kitu cha kijivu, na mjumbe mmoja akauliza kama ni ndoo. Nahodha akaapa kwamba papa alikuwepo. Mke wangu akaisoma kanuni, ile ile yangu, kwa sauti ya upole kabisa. Sifuri! Picha ya shemeji ilikuwa na papa mdogo mzima mzima, naye mwenyewe vidole viwili tu pembeni. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Jumatatu, 10 Machi

Imetundikwa. Shemeji kachagua picha anayocheka meno yote nje. Nikitazama taarifa ya habari, naye ananitazama. Mke wangu kasema sebule imechangamka. Mama mkwe kaja kuiona, kanishukuru kwa jinsi ninavyompenda mwanawe. Nikaitikia, ningefanyaje?

Nimekaa nikalitafakari kosa langu kwa utulivu. Nimeligundua. Kamera ya nahodha ni nyembamba. Nimeshaulizia inayopiga picha pana, nitakayoenea mimi wote, na papa apate nafasi pembeni. Kisha nimempigia shemeji kumwambia turudie mwakani, na dau lipande: safari hii picha ikatundikwe chumbani, juu ya kitanda.

Kakubali haraka mno. Nadhani ameanza kuniogopa.