Chombo cha Angani Kwenye Mizani ya Majani Chai

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Chombo changu cha angani kimefika mita nzima! Uti wa mgongo ni bomba la maji. Juu yake nimegundisha vipande vya vifaru vitano, ndege tatu na manowari moja, zile seti za plastiki za kuunganisha ambazo dada yangu Monicah hunitumia kutoka Doha. Magurudumu ya vifaru sasa ni injini. Nani atajua? Jumamosi ni maonyesho ya kazi za mikono katika ukumbi wa kanisa hapa Roret, na kazi itakayoshinda itawekwa kwenye maktaba mpya, milele. Lazima iwe yangu. Mpinzani ni mmoja tu: Kepher, fundi wa mitambo kiwandani, na gari-moshi lake la njiti za kiberiti, vichwa vyekundu vyote vikiwa mahali pake. Mtu mzima!

Mke wangu Nyakerario ameuliza, "Baba Gesare, hii kitu itakaa kwa meza yangu mpaka lini?" Nimemwambia mpaka historia. Tumekula ugali sahani zikiwa mapajani. Namshukuru sana, ingawa sijamwambia.

Jumanne, 5 Agosti
Mvua. Ukungu. Rangi haikauki! Nimeigusa, kidole kikaondoka na injini. Lakini nina wazo. Mimi ni karani wa kituo cha kununulia majani chai, na kibanda chetu kina paa zuri na upepo hupita pande zote. Nimekitia chombo ndani ya mfuko wa majani, Kepher asije akachungulia, nikakitundika kwenye ndoano kati ya mifuko mingine. Akili ni mali.

Jumatano, 6 Agosti
Balaa! Wakulima walikuwa wengi, foleni hadi barabarani. Huwa najisifu kwamba nafungua kila mfuko kuhakikisha ni majani mawili na chipukizi. Leo nilikuwa nawaza gari-moshi la Kepher. Nikapima tu na kuandika. Kilo sita zaidi kwa Mzee Bethwel, ambaye alisema shamba lake limebarikiwa. Lori lilipoondoka ndipo nikatazama ndoano. Tupu! Nilikuwa nimepima chombo changu mwenyewe. Nilipompata dereva, Kipkosgei, kwenye simu, alisema ameshamwaga kila kitu kiwandani. Huko majani husagwa. Nimelia mbele ya wakulima.

Alhamisi, 7 Agosti
Kipkosgei amekileta chombo! Kizima! Karibu kizima. Anasema Kepher alikiona kwenye vitanda vya kunyaushia majani, akazuia mashine ya kusaga isiwashwe, akapiga magoti akiokota kipande kimoja kimoja, hata vile vidogo kama punje ya wimbi. Kisha akakilaza kwenye hewa ya vuguvugu mpaka rangi ikakauka kabisa. Injini moja ameigundisha kichwa chini. Inapendeza kuliko zangu zote. Mungu ambariki Kepher. Sikudhani ningeandika hivyo.

Mzee Bethwel nimempelekea kilo sita za majani kutoka shamba langu, azipeleke kiwandani kufidia zile za chombo nilizomwandikia.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeshinda! Waamuzi wamesifu kijani kilichoshika kwenye mabawa. Eti ni msitu wa sayari nyingine. Ni majani chai yaliyogandia, lakini mimi ni nani niwapinge? Gari-moshi la Kepher halikuja. Halijaisha. Muda wa kulimaliza aliutumia kuokota vipande vyangu, na bado alinipigia makofi kuliko wote. Niliona haya. Nikachukua maikrofoni, nikasema yote, nikaomba jina lake liandikwe juu ya langu. Nyakerario alinishika mkono mbele ya watu wote. Nina watu wema kuliko ninavyostahili.

Jumapili, 10 Agosti
Shukrani ni vitendo. Baada ya ibada nilimwomba Wilkista, mke wa Kepher, anipe lile gari-moshi kimyakimya nilimalizie, mumewe apate furaha ya ghafla. Akanipa. Mabehewa kumi na mawili, njiti elfu nne! Nimegundisha ya mwisho sasa hivi. Gundi bado mbichi, na mvua haijakatika. Nyakerario ameuliza nitalikaushia wapi. Nimemwambia atulie, safari hii nimefikiria kila kitu. Liko jikoni, kwenye kichanja juu ya moto, na nimeongeza kuni.