Vikombe Kumi na Saba

Jumatatu, Juni 9, 2025

Mkutano wa bodi ya shule ulikuwa saa nne. Nilifika saa moja na dakika kumi. Sababu: kiti chenye mikono.

Bodi ya Shule ya Msingi ya Chemchemi Mbili ina wajumbe kumi na watatu, mabenchi matatu, na kiti kimoja tu chenye mikono. Mwenyekiti wetu amehamia Kakamega. Tunachagua mwingine Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Watu wakikuona pale kwenye mikono leo, siku ya kura watakuona pale tena bila kujua kwa nini. Hiyo si siasa. Ni hesabu.

Nikakalia kiti karibu saa tatu nzima. Saa nne kasoro dakika tano, mkojo. Dakika mbili tu! Kurudi, Chaman ameketi. Huyu ni Chaman wa duka la vifaa vya ujenzi Kitale, anayeendesha gari kutoka mjini hadi huku kwetu Tongaren kwa kila mkutano kwa sababu marehemu babake alitoa saruji ya madarasa ya kwanza. Aliniuliza kwa upole kama kiti kilikuwa na mwenyewe. Nikasema hapana bana, keti tu. Moyoni nilisema mengine.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Wanjala, akatusomea barua ya ofisi ya elimu. Shule yenye wanafunzi chini ya 180 itaunganishwa na jirani yake. Sisi tuna 163. Upungufu 17. Jibu nilikuwa nalo kabla hajavuta pumzi. Akageuza karatasi akaendelea kusoma upande wa pili. Sikusikiliza. Nilikuwa naangalia kama Chaman naye ana dalili za kwenda chooni.

Hana.

Afisa anakuja Alhamisi kuhesabu watoto.

Shule jirani iko ng'ambo ya mto. Mjukuu wangu Waruguru, binti wa mwanangu Kiragu, yuko Gredi ya Kwanza. Ana miaka sita na jina la marehemu mke wangu, kama desturi yetu inavyotaka, kwa hiyo mimi namwita Mama na yeye ananiita Guka, yaani babu, na watu wanacheka. Mguu wake wa kushoto ni mfupi kwa sentimita mbili. Nimepima mwenyewe kwa futi ya fundi. Kutoka lango langu hadi mlango wa darasa lake ni hatua zake 412. Najua kwa sababu kila asubuhi namfuata nyuma nikijifanya naenda kwenye mashine yangu ya kusaga mahindi.

Mashine iko upande ule mwingine.


Jumanne, Juni 10

Nataka kujua hadi shule ya ng'ambo ni hatua ngapi. Si hatua zangu. Zake. Mimi natupa mguu karibu mita nzima. Yeye, sentimita 43. Nikakata kamba ya katani, nikafunga kifundo kwa kifundo, nikaacha sentimita 43 katikati. Nikatoka langoni saa moja na nusu.

Kwenye daraja nikakutana na Nyaruai, mpishi wa shule, amebeba kuni. Akaniangalia miguu. Akauliza, Baba Kiragu, ni nani huyo amekufunga kama mbuzi wa mahari, na je, anajua umetoroka? Nikamwambia hiyo ni shughuli ya bodi. Akasema ati sasa ameelewa kwa nini bodi haifiki popote.

Hatua ya 6,118: mtaro. Nilianguka kwa ubavu. Nikaendelea kuhesabu nikiwa chini ili nisisahau. Lori tatu za miwa zikanipita karibu hivi. Kofia ikaenda na ya pili.

Jumla: hatua 9,300. Muda: saa mbili na dakika ishirini. Kwenda na kurudi ni saa nne na dakika arobaini kwa siku. Juu ya mguu wenye upungufu wa sentimita mbili.

Nikaketi kwenye jiwe mbele ya lango la ile shule. Pua ilikuwa inavuja. Baridi ya Juni.

Nimeandika hapa kwa faida yangu tu. Afisa anahesabu vichwa, si miguu.


Jumatano, Juni 11

Mpango! Wanahitaji 180, watapata 180.

Nimeenda Kamukuywa kwa binamu yangu Ngige, ambaye anafundisha watoto wa kanisa. Nikamwomba kumi na saba kwa siku moja. Akauliza nawataka wa kazi gani. Nikasema wa kuketi. Akauliza kama hiyo si dhambi. Nikamuuliza kuazima jembe ni dhambi? Akakuna kichwa, akasema jembe huwa halina mama wa kuliulizia. Lakini nilimkumbusha ni nani alimsagia mahindi ya harusi mbili. Amekubali. Atawaleta na trela ya trekta yake.

Nimefikiria kila kitu. Mimi sikupita darasa la sita, lakini nilianza kwa kubeba magunia Kitale na leo nina mashine mbili. Mtu hafiki hapo kwa kubahatisha. Madawati: yapo. Majina: nimeyatunga kumi na saba, hakuna yanayofanana. Masweta: hapo kuna shida. Wetu ni kijani, wa Kamukuywa ni maruni. Suluhisho: kesho shule nzima itavua masweta. Wote watakuwa na shati jeupe. Mwalimu Wanjala alipouliza sababu nilimwambia ni usafi. Akanitazama sana. Akasema yeye kesho ataangalia mlima Elgon tu, halafu yale mengine hajayaona.

Nyaruai nimemwambia apike uji wa watu 180. Akauliza 17 ni akina nani. Nikasema ni siri ya bodi. Akasema basi jioni itakuwa imefika Kitale.


Alhamisi, Juni 12

Yamekuwa mengi. Nitaandika kwa mpangilio.

Saa mbili: trekta. Watoto kumi na saba, nimewahesabu wakishuka. Masweta chini. Baridi ya kukata! Waruguru akanivuta koti, akaniuliza, Guka, si utuambie tumekosa nini? Nikamwambia, Mama, vumilia, ni kidogo tu.

Saa tatu: afisa. Anaitwa Madam Joan. Mwembamba, viatu vya mpira, kalamu nyuma ya sikio. Alipita darasa hadi darasa akihesabu kwa kidole. 180! Nilisimama karibu na bendera nikijiona mwenyekiti.

Saa nne: kengele ya uji.

Hapa ndipo nilipokosea, na nakubali, ni kosa la mtu asiyeingia jikoni. Shule yetu, kila mtoto ana kikombe chake. Huletwa siku ya kwanza, jina limekwaruzwa kwa msumari, na kinatundikwa kwenye ukuta wa jikoni mpaka mtoto amalize shule. Kengele ikilia, wote wanakimbia ukutani. Leo walikimbia 163. Ukuta ukabaki mtupu. Na katikati ya uwanja wakabaki kumi na saba, wamesimama kama mahindi yaliyosahauliwa shambani, wanamtazama Ngige, na Ngige anatazama trekta.

Madam Joan akatoa kalamu nyuma ya sikio.

Basi ndipo Mama akatoka kwenye foleni. Waruguru wangu. Na mguu wake ule, polepole, kikombe kimejaa, anajaribu kisimwagike. Akaenda hadi kwa msichana mmoja wa Kamukuywa mwenye mapengo, akanywa nusu, akamwachia nusu. Akamwambia afute kwanza hapo alipogusa yeye, maana ana mafua. Wenzake wakaona. Kabla sijameza mate, kila mgeni alikuwa ameshika kikombe chenye jina la mtu mwingine.

Yangeishia hapo, labda Madam Joan angefumba macho. Lakini saa hiyohiyo pikapu ya Chaman ikaingia kwa kasi, kuku wakaruka. Chaman akashuka na katoni, anahema. Akasema amechelewa, kulikuwa na ng'ombe barabarani, lakini vikombe ndivyo hivi. Kumi na saba! Vyekundu, vya plastiki, vipya, kila kimoja na kibandiko cha bei ya duka lake! Nyaruai alikuwa amempigia simu jana. Yeye alifikiria vikombe. Mimi sikufikiria!

Madam Joan akachukua kimoja, akabandua kibandiko, akakibandika mgongoni mwa mkono wake. Akauliza hii ni kazi ya nani.

Chaman akasema ni yake.

Nikakasirika sana. Kiti alichukua, sasa anachukua na kosa langu! Nikasema hapana, Madam, huyu ameleta vikombe tu, watoto ni wangu. Chaman akasema lakini bila vikombe mpango haukuwa kamili, kwa hiyo ni wetu wote. Nikamwambia aache kujipendekeza. Tukabishana kidogo. Madam Joan akasema wazee, nyamazeni. Mimi ni Mzee Muigai wa mashine mbili, na nikanyamaza.

Akaniuliza kwa nini. Nilikuwa na hotuba. Nikasema tu, elfu tisa na mia tatu.

Akasema, nini?

Nikamwonyesha Waruguru kwa kidole. Kisha nikatoa daftari hili hili mfukoni, nikafungua Jumanne. Alisoma amesimama. Alipofika kwenye mtaro alicheka, akajiziba mdomo. Alipofika kwenye jiwe hakucheka.

Akauliza kama hakuna mtu kwenye bodi aliyesoma upande wa pili wa barua. Upande wa pili umeandikwa kwamba shule haitaunganishwa kama wadogo watatembea zaidi ya kilomita tatu, mradi bodi ipeleke vipimo. Anazunguka shule za kaunti ndogo hii tangu Mei, akasema, na hakuna bodi hata moja iliyompa vipimo. Wote wanampa mbuzi.

Mwalimu Wanjala akasema yeye alisoma. Kwa sauti. Na akanitazama mimi, na Chaman, na mlima.

Ameandika 163. Ametupa siku kumi tupime watoto wote wa Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu. Ni 58.

Kabla ya kuondoka akaamuru masweta yavaliwe.


Jumamosi, Juni 14

Chaman amekuja kupima pamoja nami. Sikumwita. Amekuja na futi ndefu ya duka na chapati zilizofungwa na mkewe Bindu. Akasema Madam Joan anataka kilomita, gari lake lina kilomita, kwa hivyo tutamaliza kabla ya saa sita. Nikamwambia kilomita ni za magari. Mtoto ana hatua. Akafikiria. Akaomba kamba.

Tumepima nyumba ishirini na moja, kila moja hadi kwenye daraja tu; kutoka hapo njia ni moja, nikapiga hesabu. Tumefungwa miguu, yeye nyuma, mimi mbele, kila mtoto na urefu wake wa kamba. Chaman ameanguka mara nne, mimi tatu. Nimeandika hivyo ili ikumbukwe.

Kwenye daraja tukapumzika tukala chapati. Akaniambia yeye na babake walikuwa wakija huku na lori wakati madarasa yanajengwa, na siku ya kufungua babake alimketisha kwenye kiti kile chenye mikono, miguu haigusi chini. Ndiyo maana anakikalia. Si kwa kura.

Nikamwambia mimi pia sikuwa na haja ya kiti. Nikajaza mdomo chapati. Mwongo anajua kutafuna.


Jumatatu, Juni 30

Barua imefika. Chemchemi Mbili haiunganishwi na mtu. Wadogo 44 kati ya 58 wangevuka kilomita tatu. Safari hii nilisoma pande zote mbili, mara mbili, na bahasha.

Kisha kura ya mwenyekiti. Chaman kumi na mbili, Muigai moja. Watu wakanitazama kwa huruma, wakidhani nimejipigia. Sikujipigia! Mimi nilimpigia Chaman. Basi ile moja ni ya nani? Nikaondoa wajumbe walionipita bila salamu, nikaondoa mimi, akabaki mtu mmoja. Nimerudia hesabu mara tatu. Ni Chaman mwenyewe.

Hakukalia kiti. Waruguru alikuwa amekuja kuniita, na Chaman akamketisha pale. Miguu haikugusa chini, wala wa kulia wala wa kushoto. Nyaruai akasema sasa bodi ina kichwa.

Asubuhi nilimfuata tena kwenda darasani. Hatua 409. Nilirudi langoni nikamwomba arudie, akalalamika ati Guka nitachelewa, lakini alirudia. 409! Amerefuka. Maana yake ripoti tuliyopeleka ina kosa kwenye jina la Waruguru, na kule ng'ambo si 9,300 tena, ni kama 9,232. Sitamwambia Madam Joan. Mtu mwenye kalamu nyuma ya sikio haambiwi kila kitu.

Kwa sababu barua inasema watahesabu tena mwakani. Nimekaa nikafikiria kwa makini kosa letu lilikuwa wapi, na nimelipata. Vikombe vilikuwa vipya mno.

Vile kumi na saba vya Chaman niko navyo nyumbani. Nimebandua vibandiko, nimevisugua na mchanga, viwili nimevikanyaga. Majina nimeyakwaruza kwa msumari kwa mwandiko tofauti tofauti. Kesho natundika. Ngige amekwisha kushona masweta ya kijani.

Chaman amepiga simu jioni. Anauliza kama nimekumbuka vijiko.