Ramani ya Shamba la Ukweni

Jumatatu, 2 Juni 1952. Mpemba.
Wiki ya tatu ya ndoa. Yunisi wangu! Akipepeta ulezi, moyo wangu nao hupepetwa. Baba yake, Mzee Osea wa Ndalambo, atampa mkwe mmoja kiwanja kando ya mto. Ama mimi, ama Efraimu, mume wa dada yake Yunisi. Efraimu amekwenda huko kuwalimia. Maskini, sekondari hakufika.

Jumatano, 4 Juni.
Bwana Mpimaji, mwajiri wangu, amenionyesha ramani ya kwao Uingereza, ya miaka mia tatu na zaidi. Uzuri gani! Vilima kama vichuguu, merikebu, nyangumi, na pembeni nyuso zenye mashavu yaliyofura zikipuliza upepo. Ndani ya utepe uliochorwa, jina la mheshimiwa fulani. Bwana alisema wachoraji wa kale walijipatia fadhili za wakubwa kwa njia hiyo. Nikaomba karatasi.

Alhamisi, 5 Juni.
Nimechora shamba lote la ukweni. Nyangumi nimemweka Mto Momba. Nimepaka chai, ionekane ya kale. Katika utepe nimeandika jina la mama mkwe kwa madoido. Mkwe halitamki jina hilo hadi kaburini, najua. Lakini kalamu si kinywa! Yunisi aliuliza ninachora nini. Nikajibu ni siri ya mapenzi.

Jumamosi, 7 Juni. Ndalambo.
Wazee wote walikuwepo. Mama mkwe nyuma ya ua, tusionane, kama ipasavyo. Nilipokunjua ramani, Efraimu akauliza kama samaki yule ndiye atakayepalilia mahindi. Wakacheka. Mzee Osea akamwomba mwalimu wa kanisa asome maandishi ya kwenye utepe. Akasoma, kwa sauti ya mimbarini. Nyuma ya ua, chungu kikapasuka. Mzee akauliza polepole nani kaandika. Nikasema ni mimi, kwa heshima.
Kiwanja ni cha Efraimu. Yunisi anabaki kwao mpaka nipeleke mbuzi wa kuomba radhi. Alisema hata mtoto angejua. Akikasirika, mzuri zaidi!

Jumapili, 8 Juni. Mpemba.
Nyumba baridi. Ugali wangu mbichi. Nimetafakari kwa unyenyekevu na kosa nimeliona: lilikuwa jina. Mbuzi nitampeleka, lakini mbuzi mtupu ni mambo ya Efraimu. Nimeanza ramani mpya, haina neno hata moja. Juu, upande wa kaskazini, ni uso wa mama mkwe akipuliza upepo. Sijaruhusiwa kumwona bado, kwa hiyo nimekisia. Mashavu nimeyakuza, kwa heshima.