Chujio Lenye Uzi Mwekundu

Mficha uchi huzaa, tena huzaa mapacha. Wahenga waliosema hazai hawakupata bahati ya kukutana na Mhandisi, mtu aliyeficha karibu kila kitu, kuanzia jina lake hadi mahali anapolala, na bado biashara yake ikajifungua salama kila mwezi.

Uhandisi wenyewe hakuna chuo kilichompa. Alijivika siku aliponunua shati la mifuko miwili, akachomeka kalamu tatu kwenye mfuko mmoja, watu wakaanza kumpisha njia. Aliuza machujio ya matangi ya samaki, yale matangi ya kioo yanayopamba sebule. Kwa usahihi zaidi, aliuza chujio moja. Alikuwa nalo moja tu la kweli, kopo jeusi lenye mipira miwili na pampu isiyosikika, alilolipata hoteli fulani ilipofungwa na vitu vyake kupigwa mnada. Mengine yote aliyafyatua fundi mmoja wa plastiki, hodari wa kuiga: kopo lilelile, rangi ileile, na ndani injini ya gari la kuchezea na kipande cha sifongo ya kuoshea vyombo.

Mteja alifungiwa lile la kweli. Siku chache tu, maji yanang'aa, mteja analipa huku akishukuru. Siku ya saba Mhandisi hurudi kutoa huduma ya bure. Humtuma mwenye nyumba kitambaa safi au maji ya moto, na huku nyuma huling'oa la kweli na kuacha la fundi. Maji huendelea kung'aa wiki moja au mbili kwa baraka za zamani, na samaki wanapoanza kupanda juu kutafuta hewa, Mhandisi ameshabadilisha namba ya simu. Tumpe haki yake: ni wezi wangapi humrudia mteja kumkagulia mali?

Jumamosi moja alikuwa amejibanza kwenye duka la samaki wa urembo, akijifanya anachagua changarawe, alipomwona mama mmoja mwenye mvi mbele ya rafu ya machujio. Muuzaji alishamweleza aina tatu na kukimbilia wateja wengine. Mama alikuwa akipindua maboksi, akisoma, akirudisha, akisema peke yake kwamba hakuja kutafuta rahisi, amekuja kutafuta zuri. Kwa Mhandisi sentensi hiyo ilikuwa kama adhana kwa muumini.

Akamwamkia shikamoo ya kuinama kabisa, kisha akaanza somo. Lile la sifongo linaloendeshwa na mapovu, alisema, linafaa vifaranga. Lile la kuning'inia ukingoni linafaa mtu anayependa kulala akisikia mfereji. Lakini la kopo, linalokaa chini ya tangi, hilo lina tumbo. Ndani ya tumbo hilo wanaota vijidudu wema, utando wa kahawia ambao mjinga huuona uchafu akauosha kwa maji ya bomba, na kumbe ndio wanaokula sumu ya kinyesi cha samaki. Na hapo ndipo penye hatari ya mtu huyu: kila alichosema kilikuwa kweli. Uongo aliuweka akiba kwa siku ya saba.

Mama naye akajieleza. Alikuwa mkunga mstaafu. Samaki wake ni mmoja tu, wa dhahabu, mkubwa kama kiatu cha mtoto, ameachiwa na marehemu mume wake. Wanamwita Mzee. Ana miaka kumi na mmoja, na siku hizi kila asubuhi anamkuta ameelea mdomo juu, akihema.

"Huyu akifa, mwanangu," alisema, "nitakuwa nimefiwa na mume yuleyule mara mbili."

Mtu mwenye moyo angeguswa moyo. Mhandisi aliguswa mfuko.

Jumapili alikuwa sebuleni kwa Mkunga na mkoba wake. Maji ya tangi yalikuwa meupe kama maji yaliyooshea mchele, na Mzee alikuwa pembeni, magamba yamefifia, akifungua na kufunga mdomo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Mhandisi alifunga kopo, akaunganisha mipira, akachomeka waya. Mkunga alichuchumaa kando yake akitazama kila kitu kwa makini, kisha akauliza kama makopo anayowauzia watu wengine yanafanana na hili.

"Mama, ni mapacha," alijibu Mhandisi. "Hata mimi nikiyaweka pamoja siyatambui."

"Mapacha nimezalisha miaka thelathini na minne," alisema Mkunga. "Wa kwanza kutoka tunamfunga uzi mkononi papo hapo. Usipofunga, ukoo mzima utakuja kubishana nani mkubwa."

Akainuka, akafungua kikapu cha kushonea, akakata uzi mwekundu na kuufunga kwenye waya wa kopo, mafundo mawili. Mhandisi alicheka kwa adabu na kusifu hekima ya wazee. Njiani akirudi kwake akapitia dukani, akanunua uzi mwekundu.

Mkunga alimaliza kulipa siku ya nne, bila kudaiwa wala kuomba punguzo. Mhandisi hakulala na fedha hizo. Daktari mmoja wa meno mwenye kliniki nne alikuwa ameamua kila chumba cha kusubiria kiwe na tangi kubwa la samaki, ili wagonjwa watazame mapovu wasahau mashine ya kutobolea, na alitaka kuona chujio likifanya kazi mbele ya macho yake. Hiyo ilikuwa riziki ya mwaka mzima. Mhandisi alimlipa fundi wa plastiki makopo arobaini kwa mkupuo, akabaki na nauli.

Siku ya saba akarudi kwa Mkunga. Maji yalikuwa maangavu hata ungedhani tangi ni tupu, na Mzee alikata kona humo kwa madaha, kama mwenyekiti aliyechaguliwa tena. Uzi mwekundu ulikuwa palepale kwenye waya. Mhandisi aliomba maji ya moto kwenye beseni. Mkunga akaenda jikoni, tena akaenda kwa utaratibu wa mtu ambaye magoti yake yamezalisha wilaya nzima. Huku nyuma kopo likatoka, kopo likaingia, na hili jipya nalo lilikuwa na uzi wake mwekundu, mafundo mawili.

Alipokuwa akifunga mkoba alisikia maji yakitiririka jikoni, taratibu, bila kukatika. Akauliza ni nini.

"Bomba, mwanangu, linavuja," sauti ya Mkunga ikajibu. "Wewe si mhandisi? Ingia ulitazame."

Mhandisi akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa hospitali. Alitoka hata beseni halijafika.

Kesho yake asubuhi, kliniki ya meno ilikuwa na hadhira kamili: daktari, muuguzi, msichana wa mapokezi, na wagonjwa wawili wenye mashavu yaliyovimba. Mhandisi alimimina udongo kwenye beseni la maji, akakoroga hadi maji yakawa kama chai ya maziwa, akatumbukiza mipira na kuwaomba wahesabu mpaka mia. Wakahesabu. Walipofika mia, akawaambia mia ya kwanza ni ya kupasha moto. Walipofika mia tatu, maji yalikuwa chai ileile, na kopo lilikuwa likiguna. Chujio la kweli haliguni. Jasho likamtoka Mhandisi, kwani sasa alikumbuka kwamba hata jana, chini ya tangi la Mkunga, lilikuwa likiguna hivyohivyo. Masikio yake yalisikia, ila macho yalishaona uzi, na macho yakishaamini, masikio huambiwa yakae chini.

Daktari alikuwa mtu aliyezoea kufungua visivyotaka kufunguka. Alichukua koleo lake la kung'olea magego, akang'oa mfuniko. Ndani mlikuwa na injini ya gari la kuchezea, kipande cha sifongo ya kijani, na kadi ya kliniki ya wazazi iliyofungwa vizuri kwenye mfuko wa plastiki. Akaisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma majibu ya maabara.

"Uzito: mwepesi. Mapafu: hana. Mtoto huyu si wangu, arudishwe kwa baba yake."

Mgonjwa mmoja alicheka huku ameshika shavu, akilia kwa maumivu. Mhandisi alitoka kwa mlango wa nyuma akiacha beseni, kopo na kalamu moja.

Kwa Mkunga alifika akihema kuliko Mzee wa zamani. Mlango ulikuwa wazi. Chini ya tangi lilikaa kopo lisilo na uzi wala sauti, na kwenye kochi walikaa wanawake wawili wenye pua moja, Mkunga na mdogo wake. Huyo mdogo alimtambua Mhandisi mara moja, na afadhali asingemtambua. Alikuwa mshonaji ambaye Mhandisi alimuuzia chujio miezi sita nyuma. Samaki wake sita walikufa wiki moja.

"Mama, naomba chujio langu," alisema Mhandisi.

"Lipi, mwanangu?"

"Lile la kweli."

"Kwani mimi uliniuzia la nini?" aliuliza mshonaji.

Mhandisi akamgeukia Mkunga, akamlaumu kwamba amehamisha uzi.

"Uzi hufungwa wa kwanza kutoka," alijibu Mkunga. "Wa kwanza kutoka mkobani mwako ni lile kopo bovu ulilomwachia mdogo wangu; ndilo nililolifunga uzi nikaliweka chini ya tangi, nawe ukalibeba. Nimemrekebishia tu mtoto haki yake ya kuzaliwa. Lile la kweli lilikuwa jikoni kwenye ndoo, likifanya kazi; ndilo lile bomba ulilolisikia likivuja. Jumamosi tatu nimesimama mbele ya rafu ile, mdogo wangu alipokutana nawe, mwanangu, napindua maboksi, nakungoja wewe."

Mhandisi akataja polisi. Mkunga akamsogezea simu yake mwenyewe, ina chaji na ina salio, akamwambia apige, na wakimuuliza limeibwa chujio gani, awaeleze vizuri hilo la kweli linatofautiana vipi na yale mengine. Mhandisi aliichukua simu. Kisha akairudisha mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto asiye wake.

Yalibaki makopo arobaini kwa fundi, ambayo sasa hayakuwa na pacha wa kuyatangulia mlangoni. Sauti ikampungua. Akasema haya, yameisha, lakini Mkunga amemwaibisha yeye, mtu mzima mwenye heshima zake, mbele ya wagonjwa na kumwangushia kazi ya mwaka. Angalau amwombe radhi.

Mkunga alikuwa amesimama mbele ya tangi, akidondosha chakula punje moja moja, na Mzee akipanda kuzipokea, mdomo umefumba hadi punje ifike.

"Chujio nimelichagua mwenyewe, nikalilipia lote, na lipo kazini," alisema bila kugeuka. "Ukitoka, mlango urudishe polepole, Mzee hapendi kishindo. Na radhi sikuombi."