Kipaza Sauti cha Shabani na Wifi ya Shangazi

Nyie, leo mtaa mzima wa Makanyagio umenijua, na sio kwa shahada yangu.

Niseme kwanza kwamba sikulala. Jana shangazi yangu Skola alinunua rauta mpya akanipa niifunge, kwa sababu ya zamani iliungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa hasira. Shangazi ana duka la stesheneri: anatoa kopi, anaskani vyeti, anawaombea watu vyuo mtandaoni. Nikachomeka rauta. Taa zikawaka. Simu yangu ikaiona wifi. Simu ya shangazi ikaiona. Kompyuta ya duka, ambayo ni ya zamani kiasi kwamba ukiiwasha inakohoa, haikuona kitu. Basi usiku kucha nikabaki na swali moja: imekufa yenyewe, au nimeiua mimi?

(Nilisomea usimamizi wa biashara. Shangazi ameutangazia mtaa kwamba nilisomea kompyuta. Kila nikitaka kumsahihisha nakuta anafurahi.)

Asubuhi nikakuta watu wawili mlangoni. Kabula, binti aliyemaliza kidato cha nne, na baba yake, mfugaji wa Kakese. Wamekuja na baiskeli moja. Kabula anaomba chuo cha uuguzi, na maombi yanafungwa leo. Vyeti vyake viliskaniwa wiki iliyopita, vimo ndani ya kompyuta hiyo hiyo inayokohoa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Tumepita stesheneri nyingine, foleni zimetoka mpaka nje. Hapa tukaona hakuna mtu, tukashukuru."

Nilitaka kumwambia kwa nini hakuna mtu. Sikuweza. Nikamwambia, "Karibuni mkae."

Nikazima kompyuta, nikawasha. Nikachomoa kile kidude cha USB kinachonasa wifi, nikakipuliza, nikakirudisha. Nikakihamishia tundu lingine. Nikakipuliza tena (sijui nilitegemea nini). Nikawaza virusi. Nikawaza kwamba mwakani Kabula atakuwa anachunga ng'ombe kwa sababu yangu, na atakuwa ananisalimia vizuri tu, na hilo ndilo litakaloniua.

Baba yake alikuwa ananiangalia kutoka kwenye benchi.

"Inaumwa?"

"Inaumwa kidogo, baba."

"Inakula?"

"Umeme inakula."

"Basi subiri, usiichinje."

Nikatoka nje na simu yangu, nikawa nasoma maelezo huku natafuta mahali penye mtandao, maana huku kwetu nyuma ya soko data ya simu inakuja kama mgeni, ikijisikia (kwamba simu yangu iliiona wifi ya shangazi nilikumbuka baadaye). Hatimaye nikaelewa. Rauta mpya ilikuwa inarusha yale mawimbi mapya ya kasi peke yake, na kidude cha kompyuta yetu kinasikia yale ya zamani tu. Kompyuta ilikuwa nzima. Sijaua mtu. Nikaingia kwenye mipangilio ya rauta, nikawasha na mawimbi ya zamani.

Hapo nikapata wazo, nikajiona na akili sana. Nikayapa mawimbi yale jina lile lile la wifi ya zamani na neno la siri lile lile, ili kompyuta idhani rauta yake imerudi.

Ikadhani. Ikaunganika yenyewe bila kuuliza swali. Shangazi akapiga makofi, akatoa kichwa dirishani.

"Mnaona? Nilisema huyu amesoma."

Kabula akakaa, akafungua ukurasa wa chuo. Ukafunguka nusu. Ukasimama. Kile kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka mpaka baba yake akaacha kukiangalia, anasema kinamtia kizunguzungu.

Sasa niwaambie kuhusu shangazi Skola. Huyu mwanamke hajui kumnyima mtu. Neno la siri la ile rauta ya zamani alimpa mama wa saluni, fundi cherehani, wanakwaya, kijiwe kizima cha bodaboda, na kila abiria aliyewahi kujikinga mvua barazani kwake. Mimi nampenda kwa tabia hiyo. Ila simu zote hizo bado zilikuwa zinalikumbuka jina. Zilikuwa zimekaa siku kadhaa bila wifi, zina njaa, na nilipolirudisha jina ziliingia zote kwa pamoja, nyingine ziko mifukoni mwa watu wasio na habari.

Nikamweleza baba Kabula, kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo ng'ombe wa mtaa mzima wameingia birika moja la kunyweshea?"

"Ndiyo, baba."

"Basi watoe."

Nilifikiria kubadili neno la siri. Lakini kubadili kungeitupa nje na kompyuta yetu, na mimi nilikuwa nimeapa kutoigusa tena ile kompyuta mpaka maombi yaende. Shangazi akasema hakuna shida, atapita kuwaomba mlango kwa mlango. Akatoka. Tatizo ni kwamba shangazi haombi kitu kabla hajajua nyumbani wameamkaje, mgonjwa anaendeleaje, na mahindi yameuzwa au bado. Nilipochungulia baadaye alikuwa saluni, mlango wa kwanza, ameshakaa.

Ndipo nikamwona Shabani. Shabani anauza ndala na viatu vya mtumba mbele ya duka letu, na ana kipaza sauti kinachorekodi maneno yake na kuyarudiarudia kutwa nzima, "viatu viatu, chagua mwenyewe, vaa mwenyewe." Nikamwendea.

"Shabani, niazime mara moja niwatangazie watu kitu."

"Chukua, sista. Kitufe cha kuongea hicho hapo. Mbona unatetemeka?"

"Sitetemeki."

"Basi kinatetemeka kipaza sauti."

Nikaenda nacho nyuma ya duka kujaribu kwanza. Ndiyo, nilikwenda kufanya mazoezi. Mimi hata kuagiza chai hufanya mazoezi. Nikakishika mdomoni, nikaminya kitufe kilichokuwa karibu na kidole, nikaona sauti haitoki, nikasema vizuri, hakijawaka, nijaribu kwa uhuru. Taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka pembeni. Nikadhani ndivyo ilivyo.

Nikafanya mazoezi. Nikayachukia. Ujasiri ukaniishia, nikamrudishia Shabani kipaza sauti chake.

"Asante, nimeghairi."

"Haya," akasema, akawasha aendelee na viatu vyake.

Mtaa ukasikia hivi:

"Samahani. Samahani jamani. Hapana, 'jamani' ni kama nawalaumu. Ndugu wateja. Wateja gani, hawajanunua kitu. Naomba mzime wifi ya shangazi Skola, kuna binti anatuma maombi ya chuo, yanafungwa leo. Mungu wangu, Devota, sauti yako kama mbuzi. Sema tu. Watu wazuri hawa. Wanakutisha nini? Samahani. Samahani jamani..."

Na kuanza upya.

Fundi cherehani akaacha kukanyaga. Saluni ikatoka nje na vichwa vilivyosukwa nusu, shangazi yumo. Kwa mzunguko wa kwanza hakuna aliyecheka, walikuwa wanatafuta mbuzi. Kwa mzunguko wa pili wakaniona.

Mama wa saluni alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu, nyie, huku bado anacheka, akatoa simu kwenye sidiria, akaiminya, akainyanyua juu nione.

"Devota, nimezima. Nyie wengine mnangoja nini? Mtoto anaomba chuo."

Fundi akazima. Wateja wa saluni wakazima. Mwanakwaya mmoja akasema yuko katikati ya kupakua kitu; mama wa saluni akamwangalia tu, naye akazima. Sikumsikia hata mmoja akiuliza binti ni wa nani. Nilikuwa nataka ardhi inimeze, na wakati huo huo nawaangalia watu hawa nawaona wakubwa.

Ndani Kabula akasema, "Dada, inatembea."

Shabani akanijia na kipaza sauti mkononi, macho yamejaa machozi ya kucheka.

"Sista, nakuonea huruma. Nifute?"

Nikafungua mdomo niseme futa. Hapo bodaboda mbili zikasimama mbele ya duka, abiria na simu zao. Kabula akasema, "Imesimama." Sauti yangu ikawafikia abiria kwenye neno mbuzi. Wakacheka, wakauliza, wakaambiwa, wakazima.

"Inatembea tena," Kabula akasema.

Nikamwangalia Shabani. Nikaangalia kijiwe cha bodaboda pale kona, kila aliyekaa juu ya pikipiki ameinamia simu. Mimi ni mtu wa kufikiria jambo mpaka lipitwe na wakati. Hili sikulifikiria. Nikamwambia, "Usifute. Ongeza sauti."

Nikakichukua, nikakiweka begani kama redio, nikatembea nacho mpaka kijiweni. Nikasimama katikati ya pikipiki, mdomo nimeufumba, sauti yangu inanitukana.

Kijana mmoja akainua kichwa. "Dada, anayeongea humo ni wewe?"

"Ni mimi. Zima wifi."

"Nimezima. Ila usijiseme hivyo. Mbona sauti yako ya kawaida tu."

Nilikaa pale mpaka betri ya Shabani ikaanza kulegea na sauti ikawa nzito kama ya mzee. Ndipo Kabula akaja mbio, amesahau kiatu kimoja dukani, baba yake nyuma anatembea taratibu kama mtu aliyejua tangu mwanzo.

"Dada Devota, imepokelewa."

Sasa nimekaa na kuandika haya kabla hamjaambiwa na wengine. Najua kuna waliorekodi. Naombeni msinitumie rekodi hizo. Nilikuwepo.