Vita vya Matano na Saa Iliyosema Mia

Njooni, enyi wauza vitenge na wapima mchele, tueni mizigo, legezeni mikanda, mnipe masikio yenu yote mawili, maana leo nasimulia habari nzito ya Matano bin Nasri, simba wa Mwanjelwa, mkunjua majora, mtu aliyeingia vitani na saa ya mkononi mwake mwenyewe. Mbishi akae mbali, sina muda naye.

Saa hiyo janja alizawadiwa na mkewe Batuli, na tangu siku ile shujaa akaifunga simu yake mdomo, akaitia ndani ya droo, akatangaza kuwa mambo yake yote yatakumbushwa na mkono wa kushoto. Masikini, hakujua kuwa amemvaa msaliti. Asubuhi saa ilisema ina chaji asilimia mia, saa nne ikasema themanini, na kabla adhana ya adhuhuri haijaisha ilikuwa imezima tii.

Usaliti mkubwa ulitendeka mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ilipokuwa ikikata masikio. Mama mkwe, Bi Saida wa Mlandege, alishuka kwenye basi la Iringa, akaketi juu ya begi lake stendi kwa saa mbili nzima, huku mkwewe akipima vitambaa dukani kwa amani, akingoja mlio ambao haukuja. Bibi yule hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba safari nyingine atafikia kwa mdogo wake, maana huko hupokelewa.

Kauli hiyo ilimchoma Matano mbavuni, na haikuchomoka. Batuli akambembeleza mama yake wiki nzima, hata akakubali kuja tena Jumamosi.

"Baba Habibu," akanena Batuli, mwenye subira ndefu, "hii ni mara ya mwisho. Mama akikaa tena kwenye baridi ile, mimi sina mdomo wa kumwita."

Shujaa akasimama wima sebuleni, kati ya makochi ambayo yalikuwa na nailoni ya dukani mwaka wa sita sasa. "Mama Habibu," akajibu, "nakula kiapo mbele ya makochi haya. Ama saa hii itasema kweli, ama nitaizika uani kwa mikono yangu."

Akaenda kwa Isakwisa, fundi simu, tabibu wa vyote vilivyozima. Isakwisa akaigeuza saa, akautazama mgongo wake, akacheka mpaka akaweka bisibisi chini.

"Mwe, baba Habibu, hii nailoni ya dukani bado ipo tu?"

"Ipo, na itakuwepo," akanguruma Matano. "Nyumbani kwangu hakijavuliwa kitu nailoni. Rimoti inayo, friji inayo. Kitu ukikivua, umekizeesha."

"Sasa si imefunika pini za chaji. Chaji inaingia, inakatika, inaingia, inakatika. Saa yenyewe haijui imekula kiasi gani, inakisia tu. Toa hiyo, futa pini na kitambaa kikavu, iache iishe mpaka izime. Halafu ichaji moja kwa moja mpaka mia, usiichomoe hata kidogo. Itajipima upya."

Mara tatu ukucha wa simba ulishika pembe ya nailoni, na mara tatu ukarudi nyuma. Tusimcheke, alikuwa na uchungu wa kweli. Kisha akamkumbuka bibi aliyekaa juu ya begi, akafumba macho, akavuta.

Alhamisi saa ikaachwa ifikie mwisho wake. Ijumaa baada ya sala ikawekwa kwenye chaji, na Matano akakaa mbele ya soketi na rungu la maneno. Batuli alipokuja na pasi alizuiwa kwa hotuba ndefu juu ya heshima ya wakwe, akaenda kwenye shughuli na gauni lenye mikunjo.

Jumamosi saa nane na nusu mchana, mkono wa kushoto ukatetemeka. Matano akamwacha mteja na kitenge nusu kipimo, akafunga duka, akatimua mbio hadi stendi. Basi la saa tisa halikuwepo. Lilikuwa limepasuka tairi Makambako. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita, upepo ukimpiga asivyostahili, naye akiutazama mkono wake: sabini na moja, sabini, sitini na tisa, namba baada ya namba, kila moja ya kweli. Sijapata kuona mtu akifurahia kucheleweshwa namna ile.

Saa kumi na robo Bi Saida akashuka, akamkuta mkwewe mlangoni mwa basi, mafua yakimtoka, mikono imekwisha kunyooka kupokea begi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, nimekuweka sana."

"Hapana, mama. Ndiyo kwanza nafika."

Andikeni, enyi wenye kalamu, watoto wa watoto wetu wasome: katika mji wa Mbeya, siku ya Jumamosi, mama mkwe alimwomba radhi mkwe kwa kuchelewa, akafuatana naye hadi nyumbani. Akakaa wiki tatu.